Kinyume cha Neno Kimo Ndani ya Sentensi

Ndugu mtahiniwa, bila shaka unaijua ile orodha. Daftari limepigwa mstari katikati, kushoto "big", kulia "small". Kushoto "hot", kulia "cold", na kuendelea hivyo kurasa kumi. Jioni baada ya chakula mmoja wenu anasoma maneno ya kushoto, wengine wanaitikia ya kulia kama kiitikio cha wimbo. Mimi pia niliitikia. Daftari langu lilikuwa na vinyume zaidi ya mia tatu, nami nilivijua vyote, hata ukinishtua usingizini. Pamoja na hayo, maoni yangu leo ni kwamba orodha ile inawapotezea watahiniwa alama nyingi kuliko inavyowapatia. Inawafundisha jambo lisilo kweli: kwamba kila neno la Kiingereza lina kinyume kimoja, na kwamba kinyume hicho hulifuata popote liendapo.

Nyuma ya kitabu hiki pia ipo orodha. Nilipinga isiwekwe, nikashindwa. Niliambiwa kwamba kitabu kisicho na orodha ya vinyume hakinunuliwi. Basi itumie kama unavyotumia kamusi, lakini usiikariri kama jedwali la kuzidisha.

Tuanze na neno dogo, "old". Katika orodha nyingine limeandikiwa "new", katika nyingine "young". Mwanafunzi aliyekariri ya kwanza anapewa sentensi "My grandfather is an old man" aigeuze. Anaandika "My grandfather is a new man". Sarufi ya sentensi hiyo ni safi kabisa. Ila maana yake ni kwamba babu amebadilika tabia. Labda ameacha pombe, labda ameokoka. Mwanafunzi aliyekariri ya pili anapewa "We bought an old car", naye anaandika "We bought a young car", na msahihishaji anatabasamu kabla ya kuweka alama ya kosa. Angalia vizuri: hakuna kati yao aliyesahau. Wote wawili wamekumbuka walichokariri, na kukumbuka ndiko kulikowaangusha.

Swali la kujiuliza kwanza, basi, ni hili: neno hili hapa linasema nini, na linakisemea kitu gani? "Old" ya mtu inahesabu umri, kwa hiyo kinyume ni "young". "Old" ya gari inahesabu matumizi, kwa hiyo "new". Rafiki je? "An old friend" anaweza kuwa na miaka kumi na saba kama wewe. Kinachohesabiwa ni muda wa urafiki, na kinyume chake ni "a new friend".

Usidhani hii ni tabia ya ajabu ya Kiingereza. Unaijua tangu utotoni kwa Kiswahili, ila hakuna aliyewahi kukutaka uieleze. Nikikuuliza kinyume cha "-bichi" utanijibu nini? Embe bichi kinyume chake ni embe bivu. Nguo mbichi kinyume chake ni nguo kavu, na kuni mbichi vilevile. Nyama mbichi kinyume chake ni nyama iliyopikwa. Au chukua "rahisi": kama ni bei, kinyume ni ghali, kama ni hesabu, kinyume ni ngumu. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayemwambia muuza duka kwamba sukari imekuwa ngumu akimaanisha imepanda bei.

Mfano mzuri kuliko yote ni maji. Ukienda kununua chupa ya maji dukani unaulizwa, ya baridi au ya moto? Na muuzaji akisema ya moto hana maana ya maji ya kuoga. Anasema tu hayakutoka kwenye friji. Nyumbani, maji ya moto ni yale yaliyokuwa jikoni. Kwa mvuvi, samaki wa maji baridi ni wa ziwani au mtoni, na kinyume chake ni wa maji chumvi. Neno ni lilelile "baridi", lakini linapingana na vitu vitatu tofauti, nawe huchanganyikiwi kwa sababu unajua uko wapi na unazungumza na nani. Ujuzi huohuo uhamishie kwenye Kiingereza. "Fresh water" ni ya Ziwa Victoria, na kinyume chake ni "salt water" ya Bahari ya Hindi. "Fresh bread" kinyume chake ni "stale bread". "Fresh fish" inategemea nani anasema: mama anayenusa samaki kabla ya kulipa anaogopa "rotten fish", na mfanyabiashara anayepanga bei anatofautisha na "dried fish" au "frozen fish". Aliyekariri "fresh – stale" ataandika "stale water" na "stale fish" bila hata kusita.

Sikuyatunga haya mimi. Peter Mark Roget, daktari wa Uingereza aliyetoa hazina yake ya maneno ya Kiingereza mwaka 1852 akiwa na umri wa miaka 73, alipanga kitabu chake kwa mawazo. Penye mawazo mawili yanayopingana aliyaweka ubavu kwa ubavu katika safu mbili, na chini ya kila wazo akakusanya maneno kwa makumi. Hakudai kwamba neno la kwanza kushoto ni mume wa neno la kwanza kulia. Hata istilahi ya Kiingereza "antonym" ilikuja baada ya hapo. Aliyeileta ni Charles John Smith, katika kitabu chake cha mwaka 1867. Maana yake sisi tunaokariri jozi jozi tumekwenda mbele kuliko waliolianzisha jambo lenyewe.

Sasa viambishi. Wanafunzi wengi wakiishiwa huchukua "un-", "in-" au "dis-" wakabandika mbele ya neno, wakategemea Mungu. Kuna sehemu ya jambo hili inayofuata kanuni, na hiyo ishike. "In-" hubadilika kufuatana na herufi inayofuata: mbele ya p, b na m huwa "im-", kama "impossible", "imbalance", "immature"; mbele ya l huwa "il-", kama "illegal"; mbele ya r huwa "ir-", kama "irregular". Mpaka hapo ni rahisi. Ugumu ni kwamba "un-" ni ya Kiingereza asilia na "in-" imetoka Kilatini, na maneno hayakugawana vizuri. Tunasema "unable", lakini nomino yake ni "inability". "Unequal", lakini "inequality". "Unjust", lakini "injustice". "Unstable", lakini "instability". Nimeona insha nzuri sana ya siasa ikipoteza alama kwa "unjustice" iliyorudiwa mara sita. Maneno haya manne na nomino zake ningekubali uyakariri. Ni kazi ya dakika tano.

Hatari zaidi ni maneno yanayovaa sare ya kinyume bila kuwa kinyume. "Indifferent" si kinyume cha "different". Maana yake ni mtu asiyejali, na kinyume cha "different" ni "similar" au "the same". "Invaluable" haimaanishi kisicho na thamani. Ni kile chenye thamani kubwa mno, na kinyume chake ni "worthless". "Priceless" vivyo hivyo. "Infamous" si mtu asiyejulikana, bali anajulikana sana, tena kwa ubaya. Na "inflammable", neno ambalo pengine umelisoma nyuma ya lori la mafuta, lina maana moja na "flammable": yote mawili yanakuambia usiwashe kiberiti hapo. Kama ungekuwa unaamini kwamba "in-" siku zote inakanusha, ungeegemea lori lile ukavuta sigara.

Tena Kiswahili kingetosha kukutahadharisha. Tuna njia yetu ya kugeuza kitenzi kwa kupachika "u": funga, fungua, kunja, kunjua, ziba, zibua, vaa, vua. Lakini aliyelala hawezi "kulalua", anaamka. Na "chimbua" si kufukia kilichochimbwa, ni kuchimba mpaka kitu kitoke. Umbo la neno hukudokezea tu. Ushahidi uko kwenye maana.

Kwenye vifungu vya maneno ndiko watahiniwa wanakolia. Mtu anajua "up" na "down", "on" na "off", "after" na "before", basi anageuza hicho kijineno cha mwisho na kuhesabu kazi imekwisha. Mara nyingine anapata. "Turn up the radio", ongeza sauti, kinyume chake ni "turn down the radio". "Look up to someone", kumheshimu mtu, kinyume chake ni "look down on". Kupata huko ndiko kunakomponza, kwa sababu swali linalofuata ni "Only ten members turned up", walihudhuria, naye anaandika "turned down". Hao wanachama walikataa nini? Kinyume cha kuhudhuria ni kutohudhuria, "stayed away". Na "She turned down the job" kinyume chake ni "She accepted the job". Umeona kwamba "turn up" na "turn down" zinapingana kwenye redio tu, zikitoka hapo kila moja inakwenda kwao.

"Take off" ukiwa na shati kinyume chake ni "put on"; ukiwa na ndege ni "land". "Put off the meeting", kuahirisha, si kinyume cha "put on". Kinyume chake ni "bring forward", kusogeza mbele tarehe ya karibu zaidi. "Look after" kinyume chake ni "neglect", nami naomba kwa heshima zote nisione tena "look before". Na kuna hili linalochekesha: "fill in a form" na "fill out a form" ni kitu kimoja, kujaza fomu, ingawa "in" na "out" zinagombana kila mahali pengine. Usiutafutie sababu usiku wa kuamkia mtihani. Ujue tu.

Hapohapo jihadhari na Kiswahili kinachopenyeza. Tunafungulia redio, kwa hiyo mwanafunzi anaandika "open the radio", na akitakiwa kinyume anaandika "close the radio". Ni "turn on" na "turn off". Tunaazima kwa pande zote mbili, anayetoa na anayepokea: niazime kalamu, nimeazima kalamu. Kiingereza kimegawa kazi hiyo: anayetoa "lends", anayepokea "borrows". Kwa hiyo "borrow me your pen" ni kosa, na swali likikutaka kinyume cha "Asha lent a book to Juma" ukaandika "Asha borrowed a book to Juma", umepata neno ukapoteza sentensi. Ni "borrowed a book from Juma". Upande wa pili, sisi tuna kupanga na kupangisha, wao wanasema "rent" kwa mwenye nyumba na kwa mpangaji.

Lipo jambo moja ambalo linanigusa kuliko alama za mtihani, na ndilo lililonifanya niombe kurasa hizi. Ni neno "not". Tunafundishwa kwamba ukishindwa kupata kinyume, weka "not". Kwa "dead" na "alive" inakubali, maana asiye hai amekufa, hakuna katikati. Kwa "present" na "absent" pia. Lakini kati ya "rich" na "poor" ndimo tulimo wengi wetu. "She is not rich" haisemi kwamba ni maskini.

Na kwa "must", "not" inakupeleka mbali kabisa. "You must go" maana yake ni lazima uende. Kinyume chake, tukikitafuta kwa Kiswahili, kinaweza kuwa "si lazima uende" au "usiende, ni marufuku". Ni mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. La kwanza kwa Kiingereza ni "You need not go" au "You do not have to go". La pili ni "You must not go".

Mwaka wangu wa kwanza kazini, katika shule moja ya bweni, ofisi ilinipa kazi ya kuandika tangazo la Kiingereza la kubandikwa getini siku ya kuripoti kidato cha kwanza. Shule ilikuwa imepata magodoro, kwa hiyo mwanafunzi hakulazimika kuja na lake. Mwenye nalo alete, asiye nalo asihangaike. Mimi, bwana wa vinyume mia tatu, nikachukua "must", nikaweka "not". "Students must not bring mattresses." Nikabandika, nikaenda kupanga vitabu.

Mlinzi wetu alikuwa mtu wa kufuata maandishi. Kila godoro lililofika aliligeuza. Nilipopita getini saa kumi jioni, magodoro saba yalikuwa yamekwisha kurudishwa. Mama mmoja alikuwa amepanda mabasi mawili tangu alfajiri, godoro jipya likiwa juu ya keria na nauli yake kalilipia. Hakubishana, karatasi ilikuwa ya Kiingereza na ilikuwa na mhuri wa shule. Alimwacha mtoto, akavuka barabara kusubiri gari la kurudi akiwa amekalia godoro lilelile. Nilipoelewa kilichotokea nilitoka mbio, lakini gari lilikuwa limeondoka. Kijana wake alilala mwaka mzima kwenye godoro la shule lililokuwa limebonyea katikati. Nilimfundisha miaka minne. Sikuwahi kumwambia.

Ndiyo maana nikiona mtahiniwa ameandika "must not" mahali pa "need not", kalamu yangu nyekundu inakuwa nzito kidogo. Siku moja huyo ataandika maelezo kwenye mfuko wa dawa.

Kuhusu chumba cha mtihani sina mengi. Soma sentensi nzima kabla ya kutazama neno lililopigiwa mstari. Jiambie kwa Kiswahili sentensi inasema nini, kisha jiambie ingesema nini kama mambo yangekuwa kinyume. Hapo ndipo utafute neno la Kiingereza. Ukilipata, lirudishe ndani ya sentensi usome tena, kwa sababu neno jipya mara nyingi linadai mabadiliko ya majirani zake. "An honest man" ikigeuka ni "a dishonest man", "an" imekufa. "Similar to" inakuwa "different from". "He succeeded in opening the door" inakuwa "He failed to open the door", na hapo kitenzi kizima kimevua umbo lake la "-ing". Wakati uliopita ubaki uliopita: "bought" inageuka "sold", si "sell". Swali likitaka neno moja, toa neno moja, usitoe "not good" mahali pa "bad". Kivumishi kijibiwe kwa kivumishi, nomino kwa nomino. Ukiulizwa kinyume cha "strength" usijibu "weak".

Tena kwa kuwa nimelitaja neno hilo, fanya nalo mazoezi usiku wa leo. Andika kinyume cha kila moja ya sentensi hizi: "The tea is strong." "There was a strong wind on the lake." "He speaks with a strong accent." "A strong smell came from the kitchen." Jozi ya nne, nakudokeza, inaanza na f. Ukimaliza, fungua orodha iliyo nyuma ya kitabu utafute "strong". Mkabala wake utakuta neno moja tu, na litakufaa kwa chai.